Wekundu wa Kolo

Kitu cha kwanza kumpokea mgeni Kolo ni udongo. Ni mwekundu, laini kama unga uliochekechwa, na ulikuwa umekwisha kupanda juu ya viatu vyangu kabla sijavuka barabara. Umeshika kuta za nyumba za matofali mpaka usawa wa dirisha. Umeshika kwato za mbuzi na mapindo ya kanga za akina mama wanaouza nyanya na viazi vitamu kando ya lami. Mama aliyeniuzia chai na maandazi alipangusa benchi kwa kitambaa cheupe kabla sijaketi, na kitambaa kikageuka rangi ya tofali mkononi mwake.

"Karibu," alisema. "Huo hautoki kwa maji ya mara moja."

Kolo ni kituo kidogo kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Arusha, pale nyanda kavu za kati zinapoanza kukunjika kuwa vilima. Abiria wengi hupita hapa wamelala. Lakini mashariki ya barabara, kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo majabali yaliyochorwa na watu walioishi humu kabla ya jembe na kabla ya chuma. Mwaka 2006 eneo hili liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lina kilomita za mraba 2,336. Mapango yenye michoro yaliyokwisha kuhesabiwa ni zaidi ya 150, na wapo wanaokadiria kwamba yote yanaweza kufika 450. Mimi nilikuja kuyaona machache tu, kwa miguu, bila haraka.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kirangi, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na katambuga miguuni. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba taratibu, akatazama anga, akatazama viatu vyangu.

"Twende sasa, mwanangu," alisema. "Jua likifika utosini ukuta unafumba macho."

Sikumwelewa, ila nilinyanyuka.

Pikipiki mbili zilituvusha mto wa mchanga. Maji hayakuonekana, lakini yalikuwapo: wanawake watatu walikuwa wamepiga magoti kando ya mashimo waliyochimba, wakichota kwa kata na kujaza madumu ya njano, kata baada ya kata, bila kumwaga tone. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua ya uwele yamesimama makavu na vichwa vya alizeti vimelala chini kama sahani zilizosahauliwa. Kisha yakaanza makorongo. Ardhi ilikuwa imepasuka kwenda chini, na kuta zake nyekundu zilikuwa ndefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Mizizi ya mti mmoja ilining'inia hewani, nusu ya mti ikiwa bado hai.

Vilima hivi viliwahi kuumia sana. Ng'ombe walikuwa wengi, miti ikapungua, na kila mvua iliondoka na tabaka la udongo. Mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondolewe vilimani ili ardhi ipone. Mzee alikuwa kijana wakati huo.

"Tuliwaswaga siku nzima," aliniambia tuliposhuka kwenye pikipiki. "Walikuwa wakigeuka kutazama nyuma."

Hakuongeza neno. Leo miti imerudi, na kivuli chake kilitusaidia kupanda.

Njia ya kupanda ni fupi lakini imesimama. Tulishika mawe kwa mikono. Nyasi zilikuwa kavu, zikivunjika chini ya miguu kwa sauti ya karatasi, na hewa ilinuka utomvu na mkojo wa pimbi, harufu kali inayokaa nyuma ya koo. Pimbi wenyewe tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mmoja alitoa mlio mkali kutoka kwenye ufa, na wengine watano wakatoweka juu ya mwamba kama waliovutwa kwa uzi. Mzee alipanda bila kuhema. Kila baada ya muda alisimama, akijifanya anatazama bonde, akanipa nafasi ya kupumua.

Halafu miti ikaisha, na jabali likawa mbele yetu.

Jabali ni kubwa kuliko nilivyotarajia, na michoro ni midogo kuliko nilivyotarajia. Hayo ndiyo mambo mawili niliyoyaandika kwanza katika daftari langu. Jiwe moja, refu kama nyumba ya ghorofa tatu, limeinamia mbele kama mtu anayemkinga mtoto na mvua. Chini yake kuna sakafu ya vumbi, pana kiasi cha kuwatosha watu ishirini kuketi wakinyoosha miguu. Hakuna mlango. Ukuta wa nyuma umesimama wima, mkavu, laini kuliko mawe yote ya jirani.

Nimewahi kusimama Kilwa Kisiwani chini ya kuba za Msikiti Mkuu, nikaona kazi ya watu waliochoma matumbawe kupata chokaa, wakapanga jiwe juu ya jiwe mpaka dari ikajishika yenyewe. Hapa Kolo hakuna jiwe lililopangwa. Lakini kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyoona kwamba huu nao ni usanifu, na kwamba kazi ya msanifu wake ilikuwa kuchagua. Kwenye vumbi, hatua chache kutoka ukutani, kuna mstari wa vishimo vidogo vilivyopangana kama tundu za sindano. Pale ndipo maji ya mvua hudondokea kutoka ukingo wa jabali. Nje ya mstari huo udongo ni mgumu, umepigwa na misimu isiyohesabika. Ndani yake vumbi ni jepesi kama majivu. Mvua haijawahi kuuvuka. Aliyechora hapa aliujua mstari huo. Aliujua upepo pia, maana nje nyasi zilikuwa zikilala na kuinuka, na ndani ukurasa wa daftari langu haukutikisika. Na ukigeuka mgongo kwa ukuta, bonde lote liko chini yako, kutoka mto wa mchanga mpaka vilima vya bluu vya mbali. Mnyama yeyote aliyekwenda kunywa maji angeonekana.

"Sasa tazama," alisema mzee.

Nilitazama. Niliona jiwe la kijivu, madoa ya ukoga, michirizi myeusi ya maji ya zamani, kiota cha nyigu. Michoro sikuiona. Mzee hakunisaidia. Aliketi juu ya jiwe, akachomoa unyasi mmoja, akausafisha kwa vidole. Macho yangu yalikuwa bado yamejaa mwanga wa nje, yalihitaji muda. Kisha doa moja la kahawia likapata mgongo. Likapata shingo. Likawa twiga.

Baada ya huyo wengine walikuja wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama nyota jioni. Twiga wa pili. Tembo mwenye mgongo wa mviringo. Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mwenye nundu begani na mkufu wa ngozi shingoni. Mnyama juu ya mnyama, mguu wa huyu ukipita katikati ya tumbo la yule, kwa sababu waliochora baadaye hawakutafuta nafasi tupu. Walirudi pale pale.

Ndipo mzee akasimama na kutumia unyasi wake. Alielekeza ncha yake karibu na jiwe, nyanda mbili hivi, na hakugusa. Kwa saa zote tulizokaa hakugusa hata mara moja.

"Zamani wageni walikuwa wanamwagia maji," alisema. "Ukimwagia, rangi inang'aa, unapiga picha yako unaondoka. Ikikauka, kesho imefifia kuliko jana."

Alinionyesha twiga wa kwanza. Mwili wake hauzidi shubiri mbili. Lakini mstari wa juu, kutoka sikioni, kushuka shingoni, kupita mgongoni mpaka kwenye shina la mkia, ni mmoja. Niliufuata kwa macho mara tatu nikitafuta mahali mkono ulipoinuliwa, sikupaona. Mwembamba kama unyasi alioushika mzee. Jiwe si karatasi; lina chembe na mikunjo. Mtu huyu alikuwa amemtazama twiga siku nyingi sana kabla ya kuthubutu kumchora kwa mara moja.

Watu ni wembamba zaidi. Ni warefu kupita kiasi, kiwiliwili kama fimbo, miguu mirefu, na wengine miili yao imejazwa mistari myembamba inayoteremka sambamba. Sura hawana. Hakuna jicho wala mdomo. Lakini nywele wanazo, na nywele hizo zimechorwa kwa uangalifu: kuna aliyefumuka kichwa kama uyoga, kuna mwenye nywele zilizosimama kama kishada. Mmoja amepinda kiunoni. Wengine wamelala kifudifudi, au wanaelea. Mwamba hausemi chini ni wapi.

Katika eneo hili kuna tukio moja linalojulikana kuliko yote. Watu watano wamesimama kwa mstari. Wa katikati ameshikwa mikono pande zote mbili. Wawili wa upande mmoja wana vichwa vya mviringo, vikubwa, kama waliovaa vinyago. Wale wa upande wa pili hawana. Wapo waliosema ni utekaji: mwanamke anavutwa na wageni, na jamaa zake wanamng'ang'ania. Wengine wanasema ni ngoma, na aliye katikati ni mganga aliyezidiwa, wenzake wakimshika asianguke. Nilisimama pale muda mrefu. Mikono ile haizidi urefu wa kidole changu cha mwisho. Kama ni vita au ni huruma, imeandikwa kwa mistari isiyofika nyanda mbili.

Wekundu wenyewe ni kutu ya chuma. Ni udongo ule ule wa viatuni mwangu na wa kuta za makorongo, ila uliochaguliwa pale ulipokolea, ukasagwa kwa jiwe mpaka ukawa unga, ukachanganywa na kitu cha kuushikisha, kama mafuta ya mnyama. Umejipenyeza katika vinyweleo vya mwamba, na ndiyo maana haujabanduka. Lakini sifa hiyo hiyo inauficha umri wake. Mkaa hupimwa miaka yake kwa kaboni. Kutu haina kaboni ya kupima. Kwa hiyo wataalamu wanasema kwa tahadhari kwamba kuta hizi zimechorwa kwa muda usiopungua miaka 2,000, na kwamba baadhi ya michoro myekundu huenda ni ya kale zaidi. Watu wenyewe ni wa kale zaidi bila shaka. Katika pango la Kisese, humu humu Kondoa, lililoanza kufukuliwa miaka ya 1950, zilipatikana shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na tabaka za chini za pango hilo zimepimwa kuwa na zaidi ya miaka 40,000. Mtu aliketi chini ya jabali kama hili akatoboa ganda jembamba kwa ncha ya jiwe, pole pole lisivunjike, ili apate kitu cha kuvaa shingoni.

Nilimuuliza mzee ni nani waliochora. Alielekeza unyasi magharibi.

"Sisi Warangi tuliikuta," alisema. "Labda waulizwe Wasandawe."

Wasandawe wanaishi upande huo, na lugha yao imejaa vidoko, zile sauti za ulimi ambazo mgeni hawezi kuzitamka bila mazoezi. Mababu zao walikuwa wawindaji na waokota matunda. Wana ngoma ya kale iitwayo simbo, ambamo mchezaji huzama mpaka hujiona amekuwa simba, na wanaolinganisha ngoma hiyo na michoro ya Kolo wanaona mengi yanayofanana: miili inayopinda, watu wanaoshikwa wasianguke. Eneo hili ni kama kikapu cha lugha. Kirangi ni cha Kibantu. Kiburunge na Kialagwa ni vya Kikushi. Wafugaji wa Kidatoga na Kimasai wana lugha za Kiniloti. Na Kisandawe kimekaa peke yake na vidoko vyake. Familia nne za lugha ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu. Wote hao wamepita chini ya mawe haya, na kila aliyekuja baadaye alikuta ukuta umekwisha kuchorwa.

Baadhi waliongeza yao. Siku iliyotangulia, katika kijiji cha Pahi, niliona michoro myeupe. Ni kazi ya watu wa baadaye, wakulima wa Kibantu, na haijifichi. Imepakwa kwa kidole, kwa rangi nzito: duara, mistari ya kukatizana, wanyama wenye miguu minene. Imepita juu ya ile myekundu bila kuomba radhi. Mwanzoni iliniudhi. Nilidhani nimeona mkono mzito ukiharibu kazi ya mkono mwepesi. Baadaye niliona kwamba waliokuja na rangi nyeupe wangeweza kuchora kwenye mamia ya majabali matupu. Walitaka lile lililokwisha kuchorwa. Na rangi yao, iliyokaa juu ya jiwe bila kuingia ndani, inabanduka vipande vipande, na chini yake wekundu unachungulia tena.

Mzee alinipeleka pembeni, pale majabali mawili yanapobanana na kuacha ufa wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Mahali hapa Warangi wanapaita Mungomi wa Kolo. Kulikuwa na giza na ubaridi. Harufu ilibadilika: moshi wa zamani, na ukali mchachu wa pombe ya mtama. Macho yalipozoea niliona majivu, manyoya ya kuku, kipande cha kibuyu kilichopasuka. Mzee alivua kofia. Nami nikanyamaza.

Watu bado wanakuja hapa, aliniambia tulipotoka. Mvua ikichelewa wanakuja. Mgonjwa akishindikana wanakuja. Pombe hupulizwa kwa mdomo ukutani, kwa sababu anayeombwa hawezi kuombwa kwa mikono mitupu. Wanaotunza michoro wana hofu, na hofu yao ni ya kweli, maana pombe na mafuta havipendani na rangi. Lakini niliposimama kati ya ufa ule na ukuta ule sikuweza kumchagua mmoja wao. Kwa wageni kama mimi, ukuta ni wa kutazamwa. Kwa watu wa Kolo, ukuta ni wa kusemeshwa. Nadhani hao ndio waliotufikishia ukuta huu, kwa kuwa mahali panapoogopwa na kuheshimiwa hapachimbwi mawe ya kujengea nyumba.

Panachimbwa, hata hivyo, na wengine. Hatua kumi kutoka kwenye twiga kulikuwa na shimo la kina cha magoti, kingo zake zimemong'onyoka. Kondoa ilipiganiwa mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na tangu hapo imebaki hadithi kwamba Wajerumani walifukia dhahabu na rupia chini ya mawe yenye alama. Kwa hiyo watu huja usiku na sururu, wanafukua sakafu za mapango. Dhahabu hawapati. Wanachotupa nje kwa koleo ni tabaka za vumbi zenye mkaa, mifupa na vipande vya mawe yaliyochongwa. Yaani vile vitu ambavyo vingeweza kutuambia ukuta una umri gani. Mzee alisimama kwenye ukingo wa shimo, akasukuma udongo kidogo kwa katambuga yake urudi ndani. Alifanya hivyo kama mtu anayerudisha shuka juu ya aliyelala.

Saa sita ilikuwa imekaribia. Nilielewa sasa alichosema asubuhi. Jua lilikuwa utosini, bonde likawa jeupe kwa mwanga, na chini ya jabali kivuli kikaganda. Nilimtafuta twiga wangu. Hakuwepo. Lilikuwapo jiwe la kijivu, ukoga na kiota cha nyigu. Ukuta ulikuwa umefumba macho.

Tulishuka polepole. Karibu na chini, mahali njia inapokata korongo dogo, tulimkuta mtoto wa miaka tisa au kumi, ana manati shingoni na kaptula ya shule. Alimwamkia mzee, akaniamkia mimi. Mzee alimuuliza alikuwa wapi. Alikuwa akiwinda ndege, hakupata. Nikamuuliza kama amewahi kuiona ile michoro ya juu. Aliitikia kwa kichwa.

"Unampenda yupi?"

"Twiga."

"Umewahi kumwona twiga mwenyewe?"

Alifikiri. "Kitabuni," alisema. "Na huko juu."

Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado namtazama, alichuchumaa, akaokota kijiti, akalainisha udongo mwekundu kwa kiganja. Alianzia sikioni. Kijiti kikashuka shingoni, kikapita mgongoni, kikafika mkiani, na hakukiinua. Miguu aliiweka baadaye, minne, ya haraka. Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kaptula, akaaga, akapotea kati ya miti.

Mchoro ulikuwa katikati ya njia. Upepo wa jioni ungeufuta. Mzee alikusanya kanzu yake, akapita pembeni, akiegemea kingo za korongo ili asiukanyage. Nami nikaweka miguu pale alipoweka yake.